Kutia Protini Alama Ndogo za Fluoresensi kwa Hadubini za Resolusheni ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watafiti na wanafunzi wa maabara za Kampala, Entebbe, Mbarara, Gulu na kwingineko nchini Uganda wanaoandaa sampuli za STED, STORM au DNA-PAINT (mbinu za hadubini za resolusheni ya juu), hata kama hadubini yenyewe iko ng'ambo. Vipimo vilivyotajwa ni vya kuanzia. Ukishapata picha ya kwanza, virekebishe kulingana na seli zako.

Hadubini ina uwezo wa kutosha. Kwa nini ukubwa wa alama uwe tatizo?

Kwa sababu hadubini haioni protini. Inaona rangi, na rangi imekaa kando ya protini. Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, na kwa lenzi nzuri yenye NA (uwezo wa kukusanya mwanga) ya 1.4 hiyo ni zaidi kidogo ya nanomita 200. Rangi ikikaa nanomita 15 pembeni, nani atajua? Lakini mbinu zilizowapatia Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014 huona hadi nanomita 20 hivi, na mbinu iitwayo MINFLUX hushuka chini ya hapo. Sasa nanomita 15 zinakaribia kuwa sawa na kipimo chenyewe.

Chukua kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, ambacho Uganda inakijua vizuri kuliko nchi nyingine, maana aina zote mbili zinazoambukiza binadamu zipo hapa. Chini ya utando wake kuna safu ya mikrotubuli zilizolala sambamba, kila moja ikiwa na kipenyo cha nanomita 25, na nafasi ya kama nanomita 20 kati ya moja na jirani yake. Ukitumia kingamwili ya kwanza kisha ya pili (yenye rangi, inayoshika ile ya kwanza), kila mrija unanenepa hadi nanomita 60 hivi. Nafasi zinazibwa zote, na unachokiona ni ukuta uliopigwa plasta. Hakuna leza itakayokurudishia mistari ile, kwa sababu haikupotelea kwenye hadubini. Ilipotea ulipomimina kingamwili.

Alama "ndogo" ni ndogo kiasi gani?

Kingamwili ya IgG ina kilodaltoni 150 na urefu wa nanomita 10 hadi 15. GFP, protini inayong'aa kijani, ina kilodaltoni 27, na ni mtungi wa nanomita 2.4 kwa 4.2. HaloTag, kimeng'enya kinachojishikiza rangi, ina kilodaltoni 33, na SNAP-tag ya aina hiyohiyo ina 20. Nanobodi ina 15 tu, na huiweka rangi nanomita 2 hadi 4 kutoka kwenye shabaha. ALFA-tag ni uzi wa asidi amino 13 hivi unaoshikwa na nanobodi yake maalumu. Ndogo kuliko zote ni asidi amino moja isiyo ya asili iliyounganishwa moja kwa moja na rangi: hapo umbali hauzidi nanomita moja na kitu.

Nanobodi zilitoka kwa ngamia. Mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walieleza kwamba ngamia ana kingamwili zisizo na mnyororo mwepesi, na ncha yake ya kushikia, ikikatwa, inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo wale ngamia wa Wapokot kule Amudat wanatembea na malighafi ya hadubini za kisasa damuni mwao. Huhitaji kwenda kuwachanja, lakini. Jeni ya nanobodi dhidi ya GFP hutumwa kama plazmidi, na bakteria wa E. coli wanakutengenezea.

Basi nichague ipi?

Kama tayari una seli zenye GFP, nunua au tengeneza nanobodi ya GFP yenye rangi ya Alexa Fluor 647. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na tunaipendekeza kwa mtu yeyote anayeanza. Kama unaanza na jeni mpya, weka SNAP-tag au ALFA-tag. Kama seli lazima ziwe hai, chagua HaloTag na rangi inayopenya utando. Asidi amino isiyo ya asili iache hadi uwe na sababu ambayo njia nyingine zimeshindwa kuitimiza.

Kingamwili za kawaida bado zina kazi yake: protini ambayo huwezi kuigusa jeni yake, au sampuli ya mgonjwa. Hapo tia rangi kwenye kingamwili ya kwanza yenyewe na uachane na ya pili. Mwanga utapungua, ila kosa la umbali linashuka karibu nusu.

Rangi gani kwa mbinu gani?

Kwa STORM, Alexa Fluor 647, na usipoteze muda kutafuta nyingine kwa mara ya kwanza. Kwa STED yenye leza ya kuzima ya nanomita 775, abberior STAR 635P au ATTO 647N kwa seli zilizofiksiwa (zilizokazwa kwa kemikali), na SiR kwa zilizo hai. Kwa DNA-PAINT, Cy3B au ATTO 655.

Tahadhari moja: ATTO 647N inapenda mafuta. Hujibandika kwenye utando na mitokondria hata pasipo shabaha yoyote, na wengi wamewahi kudhani wamegundua protini yao ndani ya mitokondria. Alexa Fluor 647 ina chaji nyingi hasi, inapenda maji na haigandi hovyo, lakini kwa sababu hiyohiyo haipenyi seli hai.

Nifanyeje kuunganisha rangi ya esta ya NHS na kingamwili?

Kwanza soma lebo ya chupa ya kingamwili. Ikiwa imeandikwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe), gelatini, glisini au Tris, usianze. Esta ya NHS hushika amini yoyote inayokutana nayo. Chupa yenye kingamwili ya mg 1 kwa mililita na BSA ya asilimia 1 ina molekuli zaidi ya 20 za BSA kwa kila molekuli moja ya kingamwili, na kila BSA ina lisini tele. Utakuwa umetia rangi BSA. Agiza kingamwili isiyo na vitu hivyo, au isafishe kwanza.

Halafu:

Chukua mikrolita 100 za kingamwili ya mg 1 kwa mililita ndani ya PBS (maji ya chumvi yenye bafa). Hiyo ni nanomoli 0.67. Ongeza mikrolita 10 za sodiamu bikaboneti ya molari 1 yenye pH 8.3 hadi 8.5. Bikaboneti itengenezwe siku hiyohiyo, maana ikikaa inapoteza kaboni dayoksaidi na pH inapanda taratibu kupita 9.

Rangi iyeyushe kwenye kiyeyushi cha DMSO kikavu. Alexa Fluor 647 NHS ina uzito wa kama 1,250, kwa hiyo mg 1 katika mikrolita 80 inakupa milimolari 10. Usijaribu kupima mikrolita 0.67 ya mmumunyo huo kwa pipeti. Uzimue mara kumi kwa DMSO hadi milimolari 1, kisha tia mikrolita 6.7. Hapo una molekuli 10 za rangi kwa kila kingamwili.

Changanya kwa kugeuza tyubu, si kwa kutikisa hadi povu litoke. Funika kwa foili. Acha dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba. Lakini "joto la chumba" la kwenye karatasi za maelekezo ni nyuzi 20 hadi 25. Kampala hilo halina shida. Soroti au Arua mwezi wa Februari chumba kinapita nyuzi 30, na rangi huharibiwa na maji haraka zaidi, hivyo weka tyubu kwenye beseni la maji ya baridi au ufupishe muda uwe nusu saa.

Mwisho pitisha kwenye safu ya Sephadex G-25 (hutenganisha molekuli kwa ukubwa) iliyooshwa kwa PBS. Utaona mistari miwili ya buluu ikiteremka. Wa kwanza ni kingamwili, chukua huo. Wa pili, unaojikokota nyuma, ni rangi iliyobaki. Ikiwa mistari imeungana, umeweka sampuli nyingi kuliko safu inavyobeba. Ukiona mmoja tu na umechelewa, esta ilikuwa imekufa kabla hujaanza.

Kwa nini esta inakufa?

Maji. Kwenye pH 8.6 nusu ya esta ya NHS huvunjika ndani ya dakika 10 hivi, hata kwenye baridi ya nyuzi 4. Hewa ya Kampala ina unyevu mwingi mwaka mzima, na chupa iliyotoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikifunguliwa hapohapo inavuta umande ndani, kama soda baridi inavyotoka jasho mezani. Iache chupa imefungwa, ndani ya mfuko wenye silika jeli, kwa dakika 30 hadi ipate joto la chumba. Ndipo ufungue.

DMSO nayo hunywa maji ya hewani. Nunua chupa ndogo zenye kifuniko cha mpira, si lita moja itakayokaa kabatini miaka mitatu. Kuganda kwake kwenye friji si dalili ya kuharibika, kwani DMSO safi huganda kwenye nyuzi 18.5. Kinyume chake, DMSO isiyoganda kwenye friji ndiyo ya kutiliwa shaka, maana maji hushusha kiwango cha kuganda.

Gawa rangi yako siku ile ile ya kwanza katika tyubu za matumizi ya mara moja.

Mzigo umekaa Entebbe siku tano na barafu kavu imekwisha. Nitupe?

Inategemea kilichomo. Rangi iliyo kavu kama unga, chupa ikiwa haijafunguliwa na silika jeli bado ni kavu, kwa kawaida huvumilia siku kadhaa za joto. Oligo (vipande vifupi) za DNA zilizokaushwa hazina tatizo kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupenda DNA-PAINT katika nchi ambako mizigo hukaa bandarini au uwanja wa ndege. Rangi iliyokwisha kuyeyushwa kwenye DMSO ni ya kupimwa kwanza. Nanobodi nyingi ni ngumu na zinaweza kupona. Kingamwili zenye rangi zinategemea, na jaribio la saa mbili kwenye seli zako litakuambia zaidi ya barua pepe kumi kwa muuzaji.

Agizo lijalo omba vitu vikavu kila inapowezekana.

Nitajuaje rangi ngapi zimeingia kwa kila kingamwili?

Pima kwenye spektrofotomita: nanomita 280 kwa protini, na 650 kwa rangi. Mfano: A280 ni 0.42 na A650 ni 0.54. Rangi: 0.54 gawa kwa 270,000, kipimo cha rangi hii kunyonya mwanga, ni mikromolari 2.0. Protini: kwanza toa mchango wa rangi kwenye 280, ambao kwa Alexa Fluor 647 ni asilimia 3, yaani 0.42 toa 0.016, unabaki na 0.404. Gawa kwa 210,000, ambayo ni ya IgG, upate mikromolari 1.92. Uwiano ni 1.04.

Kwa STORM tunataka 1 hadi 2. Watu huona uwiano wa 6 wakafurahi. Rangi zikisongamana kwenye molekuli moja huzimana zenyewe, hupepesa kwa pamoja kama molekuli moja isiyotulia, na kingamwili huanza kushika vibaya kwa sababu lisini za mdomo wake zimezibwa. Ukipata zaidi ya 3, punguza rangi hadi molekuli 5 kwa kila kingamwili na urudie. Ukipata 0.4, usiongeze rangi kabla ya kupima pH.

Nanobodi nayo hutiwa rangi hivyohivyo?

Inawezekana, ila hatushauri. Nanobodi ina lisini chache, na mara nyingi mojawapo iko palepale inaposhikia. Bora iwekewe sisteini moja mwishoni, upande wa C, kisha itumike rangi ya maleimidi, inayoshika thioli ya sisteini. Unapata rangi moja, mahali pamoja, kila mara.

Mikrolita 100 za nanobodi ya mg 1 kwa mililita ni nanomoli 6.7. Tia TCEP hadi milimolari 5 hadi 10, weka kwenye barafu dakika 15 ili sisteini zilizoshikana zifunguke. Iondoe TCEP kwa safu iliyooshwa na bafa ya pH 7.0 hadi 7.4 yenye EDTA ya milimolari 1 hadi 5, isiyo na hewa ndani. Tia maleimidi mara 1.2 hadi 2 ya nanobodi, saa moja hadi mbili kwenye barafu, gizani. Pitisha tena kwenye safu.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza, DTT (ya kazi kama ya TCEP) iliyobaki: nayo ina thioli mbili na itakunywa maleimidi yote. La pili, pH kuzidi 7.5, ambapo maleimidi huanza kushika lisini. La tatu linauma zaidi: kutumia safu ndogo ya kuzungusha ya kilodaltoni 40 iliyobaki kwenye kazi ya IgG. Nanobodi ina 15, hivyo inaingia ndani ya chembe za safu na kubaki humo. Tumia ya kilodaltoni 7.

Kwa uwiano wa rangi, usitumie 210,000 ya IgG. Weka mfuatano wa nanobodi yako kwenye ProtParam, ambayo ni ya bure mtandaoni, ikupe namba yake.

SNAP-tag na HaloTag zinatumikaje?

Hizi ni vimeng'enya vilivyounganishwa na protini yako kwenye jeni, navyo hujishikiza rangi vyenyewe. SNAP hushika benzilguanini, Halo hushika kloroalkani, na hakuna anayeachia.

Seli hai: rangi ya mikromolari 0.2 hadi 1 kwa SNAP, nanomolari 50 hadi 500 kwa Halo, dakika 30 kwenye nyuzi 37. Osha mara tatu, kisha ziache seli ndani ya chakula chao kipya dakika 30 nyingine ili rangi ya ziada itoke. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanairuka, halafu wanalalamika kwamba seli nzima inang'aa. Rangi zinazopenya ni TMR, SiR, JF549 na JF646.

Seli zilizofiksiwa na kutobolewa: SNAP bado hufanya kazi vizuri baada ya paraformaldehaidi, mikromolari 1 kwa saa moja, na hapo unaweza kutumia Alexa Fluor 647. Glutaraldehaidi hupunguza nguvu ya vimeng'enya hivi, kwa hiyo kama lazima uitumie, tia rangi kabla ya kufiksi.

Na asidi amino isiyo ya asili?

Unabadilisha kodoni moja ya jeni kuwa UAG, unaingiza tRNA ya pirolisini na kimeng'enya chake kutoka Methanosarcina, na unawapa seli lisini iliyobeba TCO au BCN (vikundi vinavyoungana na tetrazini). Baadaye rangi yenye tetrazini inajifunga hapo kwa kasi kubwa, bila shaba. Ugumu wake: mavuno ya protini hushuka, kipande kifupi cha protini iliyokatika kwenye UAG kinabaki ndani ya seli, na kodoni za UAG za jeni nyingine nazo zinasomwa. Jaribu mahali panne au patano kwenye protini, kwa kuwa huwezi kubashiri ni papi patakubali. Osha sana kabla ya kutia tetrazini, la sivyo asidi amino iliyoelea ndani ya seli itashika rangi yote.

Nifiksi seli kwa kutumia kitu gani?

Kwa mikrotubuli na nyuzi nyingine: paraformaldehaidi asilimia 3 pamoja na glutaraldehaidi asilimia 0.1, iliyopashwa hadi nyuzi 37, dakika 10. Ukiimimina ikiwa baridi, mikrotubuli huanza kubomoka kabla hazijakazwa. Kisha sodiamu borohidridi asilimia 0.1 kwa dakika 7, iliyoyeyushwa papo hapo, kuua mng'ao wa glutaraldehaidi. Itatoa mapovu, ni kawaida.

Kwa protini za utando, paraformaldehaidi peke yake haitoshi kuzituliza. Huendelea kuhama, na kingamwili yenye mikono miwili inazikusanya kuwa mafungu ambayo hayakuwepo. Makundi mengi ya "nanomita 80" huzaliwa hivi. Nanobodi, yenye mkono mmoja, haina ujanja huo. Methanoli iepuke hapa, na pia ukitumia faloidini (alama ya nyuzi za aktini), maana aktini iliyopita kwenye methanoli haishiki faloidini.

Baada ya kutia alama, fiksi tena kwa paraformaldehaidi asilimia 4 dakika 10. Nanobodi zinaweza kuachia polepole. Hatua hii inazifunga.

Molekuli hazipepesi. Zinang'aa tu, kisha zinakufa.

STORM huhitaji molekuli ziwake na kuzima kwa zamu. Zisipofanya hivyo, tatizo ni bafa au leza, na mara nyingi ni bafa. Ya kuanzia: Tris milimolari 50 ya pH 8.0, kloridi ya sodiamu milimolari 10, glukosi asilimia 10, glukosi oksidasi mg 0.5 kwa mililita, katalasi mikrogramu 40 kwa mililita, na MEA (thioli inayosaidia rangi kupepesa) milimolari 50. MEA yenye hidrokloridi: miligramu 114 katika mililita 1 ya maji ni molari 1, rekebisha pH hadi 8 kwa hidroksidi ya potasiamu, na utie mikrolita 50 kwa kila mililita ya bafa. Ina harufu kali, fungua dirisha.

Vimeng'enya vinakula oksijeni na kutoa asidi ya glukoniki. Kwa hiyo tangu uchanganye, pH inashuka. Baada ya saa moja hadi mbili chombo kikiwa wazi, iko chini ya 7 na Alexa Fluor 647 haiamki tena. Huna haja ya kubahatisha: chovya karatasi ya pH, badilisha bafa. Jaza chombo hadi juu na ufunike kwa kioo bila povu la hewa, maana povu ni tangi la oksijeni.

Jambo lisiloandikwa kwenye maelekezo mengi: kama sampuli ilihifadhiwa kwa sodiamu azidi, osha mara nne au tano kabla ya bafa. Azidi huzuia katalasi, haidrojeni peroksaidi inarundikana, na rangi inaungua. Azidi pia humaliza BCN na ndugu yake DBCO, hivyo isikaribie kazi yoyote ya kuunganisha kwa kemia hiyo.

Kwa leza, nanomita 640 kwa kilowati chache kwa sentimita mraba. Muda wa kila fremu milisekunde 10 hadi 20, fremu 20,000 hadi 50,000. Fremu 30,000 za milisekunde 20 ni dakika 10. Molekuli zikipungua, ongeza leza ya nanomita 405 kidogo kidogo. Kama leza yenu ni dhaifu, nendeni DNA-PAINT: kupepesa kunatokana na oligo kushika na kuachia, si nguvu ya mwanga. Kinachohitajika ni subira, oligo ya kuonyesha ya nanomolari 0.1 hadi 5, na PBS yenye kloridi ya sodiamu milimolari 500.

Nitajuaje ni protini ngapi zimepata alama?

Swali zuri, na ndilo linaloamua zaidi kuliko usahihi wa nanomita. Ukitaka kuona kitu cha nanomita 20, unahitaji alama angalau kila nanomita 10. Zikiwa chache, uzi mzima unaonekana kama nukta za njiani, kisha mtu anaandika kwamba protini yake iko kwenye vishada.

Kipimo kizuri ni tundu la kiini cha seli. Protini iitwayo Nup96 imejipanga hapo katika pembe 8, kwenye duara la takriban nanomita 107, nakala 4 kila pembe. Kuna seli za U2OS (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) zilizotengenezwa zenye SNAP, Halo au GFP kwenye Nup96 kwa kazi hiihii. Hesabu ni ya darasani: kama alama inashika nusu ya nakala, uwezekano wa pembe kuonekana ni 1 toa 0.5 kwa kipeo cha 4, yaani asilimia 94, na matundu yenye pembe zote 8 yatakuwa kama 60 kwa 100. Alama ikishika asilimia 30 tu, pembe inaonekana kwa asilimia 76, na matundu kamili yanashuka hadi 11 kwa 100. Hesabu matundu mia mbili, utajua uko wapi kabla hujalipia siku moja ya hadubini.

Kila mahali panang'aa. Nianzie wapi?

Andaa slaidi mbili: seli zisizo na kishikio (SNAP, Halo, GFP au ALFA) zikiwa na rangi, na seli zenye kishikio zisizo na rangi. Ya kwanza iking'aa, rangi inajibandika. Zuia kwa BSA asilimia 3, punguza rangi mara tano. Ya pili iking'aa, ni glutaraldehaidi au chakula cha seli. Kioo kitupu kikiwa na nukta, ni uchafu: loweka vioo kwenye hidroksidi ya potasiamu ya molari 1 kwa dakika 20, suuza kwa maji safi, kisha ethanoli. Vioo viwe namba 1.5, unene wa milimita 0.17. Vya namba 1 ambavyo maabara nyingi za hospitali hutumia vitaharibu picha kimyakimya.

Hatuna hadubini ya aina hiyo. Kuna lolote la kufanya hapa?

Lipo: vimbisha sampuli. Seli hufungwa ndani ya jeli ya akrilati, huchemshwa na sabuni ya SDS kwenye nyuzi 95 kwa saa moja na nusu, kisha jeli hutanuka mara 4 ndani ya maji. Hadubini ya kawaida ya konfokali yenye nanomita 250 inakuwa kama yenye 60 hivi, na kwa Plasmodiamu na Trypanosoma njia hii imezaa picha nzuri sana. Ukitia kingamwili baada ya kuvimbisha, hata kosa la umbali linagawanywa kwa 4. Nanomita 15 zinakuwa 4. Usitie Alexa Fluor 647 wala Cy5 kabla ya jeli, kwa kuwa kemia ya kuganda kwa jeli huzivunja. Na mmumunyo wa sodiamu akrilati ukiwa wa njano, rudisha chupa kwa muuzaji.

Picha inahama wakati wa kurekodi.

Dakika 10 ni nyingi kwa nanomita 20. Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja juu ya hadubini ndicho mshukiwa wa kwanza, umeme unaokatika na jenereta kuingia ndiye wa pili, maana leza na meza hupoa kisha kupata joto upya. Weka UPS kwenye leza, kamera na kompyuta, washa kila kitu saa moja kabla, na tia shanga zinazong'aa za nanomita 100 kwenye kioo ziwe alama za kupimia mhamo. Programu ya ThunderSTORM ndani ya programu ya picha ya Fiji, zote za bure, itasahihisha kilichobaki.

Nawezaje kubeba slaidi hadi nchi nyingine?

Seli zilizofiksiwa mara ya pili, ndani ya PBS yenye azidi asilimia 0.02, chombo kimejazwa hadi ukingoni, kimezungushiwa parafilmu, kimefunikwa foili. Nyuzi 4 zinafaa. Kuganda hapana, kwa hiyo si barafu kavu, bali vifuko vya jeli baridi, tena visigusane na chombo. Faloidini ipake ukifika, kwa sababu hutoka yenyewe ndani ya siku chache. Bafa usibebe, beba glukosi, vimeng'enya na MEA vikiwa vikavu, uchanganye pale. Kama sampuli ni za binadamu, mkataba wa uhamishaji na idhini ya UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) vitangulie tiketi ya ndege.